Fyuzi na Rilei: Vidude vya Bei ya Smokie Vinavyozima Ndai ya Milioni

Ilikuwa Ijumaa saa nne usiku, Thika Road, hatujafika Githurai. Binamu yangu ni dere wa teksi za kuitwa kwa simu, na mimi nilikuwa nimedandia tu lifti ya kurudi keja. Ndai ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Ukizungusha ufunguo, starta inazunguka fiti kabisa lakini injini haishiki. Taa ziko, redio iko, hadi honi iko. Msee wa kwanza kufika akajiita fundi, akafungua boneti, akasikiliza kama daktari wa zamu, alafu akatoa hukumu: "Boss, pampu ya petroli imekufa. Thao nane, na kesho asubuhi niko nayo." Binamu alikuwa ashaanza kucheki salio la M-Pesa.

Hapo ndio mzee mmoja wa bredauni akasimama. Hakuuliza maswali mengi. Alifungua kale kasanduku keusi kando ya betri, akanyofoa kadude ka mraba, akasoma maandishi yake na tochi ya simu, akakabadilisha na kengine kenye maandishi yale yale. "Jaribu sasa, kijana." Ikashika. Kitu pekee kilichokuwa kimekufa sasa ni honi, ju huko ndiko alitoa ile rilei nzima. Tulifika Kahawa West kimyakimya, na Jumatatu binamu akanunua rilei ya kutumika kule Kirinyaga Road kwa soo nne.

Thao nane dhidi ya soo nne. Na mimi nilisomea umeme mihula mitatu kabla karo iniambie kwaheri, lakini usiku huo kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Iliniuma. Basi nimekaa chini na binamu, na vitabu vya magari, na mafundi wawili wa waya wenye hawana haraka, ndio wewe usikae hapo kando ya barabara ukiamini kila mtu mwenye ana spana.

Fyuzi hailindi redio yako

Tuanze na hii, ju ndiyo watu wengi huikosea. Ukiuliza wasee kumi fyuzi inafanya nini, tisa watakwambia inalinda redio, ama taa, ama chaja isiungue. Si hivyo. Fyuzi iko hapo kulinda waya.

Cheki ndani ya fyuzi: ni kaplastiki kenye miguu miwili bapa, na katikati kuna kamkanda kembamba ka chuma kenye kinayeyuka haraka, mara nyingi zinki. Stima yote ya hiyo njia inapitia hapo. Stima ikizidi, kamkanda kanashika joto, kanayeyuka, njia inakatika. Fyuzi imewekwa makusudi iwe sehemu dhaifu kuliko zote, ndio ikibidi kitu kiungue, kiungulie ndani ya kasanduku kanakofunguka na kidole, si nyuma ya dashibodi mahali waya mia moja zimelaliana.

Hesabu zake ni za darasa la nane. Chukua wati, gawanya kwa volti. Taa za mbele za halojeni ni wati 55 kila moja, zote mbili ni 110, na betri ni volti 12. Jibu ni kama ampea 9. Waliotengeneza gari walifanya hiyo hesabu, wakachagua waya inayobeba huo mzigo bila kujikaza, alafu wakaweka fyuzi inayokatika kabla waya haijaanza kuumia.

Na haikatiki ghafla kila wakati. Fyuzi ya ampea 10 ikipata 11 inaeza kukaa hivyo siku kadhaa. Ikipata 20, haimalizi sekunde tano. Waya mbili zikigusana na kupiga shoti kabisa, inaenda kabla hujapepesa jicho. Ndio maana kuna fyuzi zenye hukatika tu ukiwasha kila kitu pamoja, feni, taa, kioo cha nyuma, na asubuhi zote zinaonekana fiti. Hiyo si uchawi, ni mzigo umezidi kidogo tu.

Sasa ile stori ya foili. Unajua yule beshte yako mwenye fyuzi ikimsumbua anaifunga na karatasi ya sigara, ama anachomeka kawaya ka shaba, alafu anasema "imekubali"? Imekubali kweli. Lakini fyuzi mpya sasa ni ile waya yote kutoka boneti hadi buti. Na joto halipandi polepole: stima ikiongezeka mara mbili, joto kwa waya linaongezeka mara nne. Plastiki ya waya inalainika, inaungana na ya jirani, na jirani anaeza kuwa waya ya mafuta ama ya breki. Kutoa ya 10 na kuweka ya 30 ni dhambi ile ile, ni vile tu imevaa nguo safi. Binamu aliwahi kununua gari yenye ilikuwa imefanyiwa hivyo. Waya ya taa za nyuma ilikuwa imegeuka kijiti cheusi kutoka kiti cha nyuma hadi buti. Alilipa kuivuta yote upya, na bado nasema alikuwa na bahati, ju iliungua ikiwa na yeye ndani akiinusa, si usiku imeegeshwa chini ya fleti.

Rangi si urembo

Hizi fyuzi za plastiki zilianza kuuzwa na Littelfuse ya Marekani mwaka wa 1976. Kabla ya hapo zilikuwa vimirija vya glasi, kama zile za redio za guka. Rangi inakwambia ampea: 5 ni kahawia nyepesi kama chai ya maziwa, 7.5 ni kahawia iliyokolea, 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 25 haina rangi ama nyeupe, 30 kijani, 40 rangi ya machungwa. Ukubwa wa plastiki unabadilika, kuna za kawaida, ndogo, na fupi sana zenye magari ya Japani yanapenda, lakini rangi zinabaki hivyo.

Mtego uko kwa zile kubwa za mraba zenye kadirisha juu, zenye hubeba feni na mzigo mzito. Hizo ziko na rangi zao: 30 ni waridi, 40 ni kijani, 50 nyekundu, 60 njano. Kijani huku ni 30, kijani kule ni 40. Kwa hivyo soma namba juu yake. Kila mara. Rangi ni ya kukusaidia kutafuta tu.

Kwa magari mengi masanduku ni mawili: moja chini ya boneti karibu na betri, ingine ndani, chini ya dashibodi upande wa goti la dere ama nyuma ya kile kisanduku cha kuweka karatasi mbele ya abiria. Mengine yana fyuzi nene juu kabisa ya betri, upande wa chanya, na hizo mara nyingi zimefungwa na nati. Usizivute ka jino.

Kifuniko cha sanduku ndio ramani. Shida yetu ni kwamba gari nyingi zilitoka Japani zikiwa zimetumika, na ramani ni ya Kijapani. Tumia kamera ya simu yenye inatafsiri, ama piga picha na uihifadhi siku gari iko mzima, si siku uko Naivasha kwa mvua. Lakini vifupisho vingi viko kwa herufi tunazojua. Kwa Toyota, HORN haihitaji maelezo. TAIL ni taa za nyuma na ya namba pleti. H-LP ni taa za mbele, LH kushoto na RH kulia. CIG ni ile soketi ya kuchajia simu. DOME ni taa ya ndani, na mara nyingi hubeba pia saa na kumbukumbu ya redio. RDI ni feni ya redieta. EFI ni mfumo wa petroli wa injini, na C/OPN ni rilei inayoipa pampu ya petroli stima. Hizo mbili za mwisho zishike kichwani, ju zikienda, starta itazunguka hadi betri iishe na injini haitashika. Ndio ile hadithi yetu ya Githurai.

STOP nayo ni ya taa za breki, na iko na kisanga chake. Kwa otomatiki nyingi, gia haitoki kwa P mpaka gari ione umekanyaga breki, na inaona kupitia ile swichi ya taa za breki. Fyuzi ya STOP ikienda, unakanyaga breki na gia imekwama tu. Watu wameitisha gari la kuvuta kwa sababu ya hiyo. Kando ya gia mara nyingi kuna kafuniko kadogo. Ukikatoa na ubonyeze ndani na kitu chembamba ukiwa umekanyaga breki, gia inatoka. Lakini kumbuka unaenda bila taa za breki, na nyuma yako kuna nganya. Badilisha fyuzi kwanza.

Kucheki bila kubahatisha

Kuangalia na macho kunasaidia, lakini fyuzi inaeza kukatika mahali huoni. Nunua testa ya taa, ile ka bisibisi yenye waya na klipu, si ghali. Funga klipu kwa chuma tupu cha gari, washa ufunguo bila kuwasha injini, alafu gusa zile nukta mbili ndogo za chuma juu ya fyuzi. Taa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni mzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imekatika. Isipowaka popote, usiilaumu: stima haijafika hapo, na inafaa uangalie nyuma zaidi, kwa rilei, ufunguo ama fyuzi kubwa.

Ikiwa imekatika, zima kila kitu, toa ufunguo, ivute na kale kabano ka plastiki kenye hukaa ndani ya kifuniko. Weka yenye ampea sawa. Huna? Azima ile ya CIG kama zinalingana, utachaji simu baadaye. Ukikosa kabisa, weka ndogo kuliko iliyokuwa, haiwezi kukuletea moto, itakatika tu mapema.

Ikikatika tena, acha. Usimalize paketi. Fyuzi moja ikienda baada ya miaka kumi inaeza kuwa uzee. Mbili kwa siku moja, kuna mahali waya inagusa chuma. Huko mtaani washukiwa ni wale wale: sarafu iliyoanguka ndani ya soketi ya chaja, chaja ya bei ya chini iliyovunjika kichwa, panya waliolala juu ya injini wakatafuna waya, na waya za mlango wa nyuma. Hiyo ya mwisho ni ugonjwa wa Probox, Fielder na ndugu zao: ule mrija wa mpira kati ya bodi na mlango wa buti unakunjwa kila ukifungua, na baada ya miaka ya kubeba mizigo, waya zilizo ndani zinakatika ama zinachubuka. Fundi mzuri ataanzia hapo kabla hajang'oa chochote.

Rilei sasa

Rilei ni swichi yenye inabonyezwa na stima badala ya kidole. Ndani kuna koili ya waya. Ukiipa stima kidogo inakuwa sumaku, inavuta kachuma, kachuma kanafunga njia ya stima nyingi. Ndio ile "tak" yenye unasikia.

Kwa nini usipitishe stima yote kwa swichi moja kwa moja? Ju feni ya redieta inaeza kula ampea 15 ama 20. Ungehitaji waya nene kutoka betri, ipite kwa dashibodi, irudi hadi kwa feni, na swichi yenyewe ingeungua. Koili ya rilei inakula kama ampea 0.15 tu. Kwa hivyo swichi yako, ama kompyuta ya gari, inapeleka hiyo kidogo kupitia kawaya kembamba, na rilei iliyo karibu na betri inafanya kazi ngumu. Ni ka vile mdosi wa nganya anapiga simu tu, na makanga ndio anashikilia mlango.

Kwa rilei za muundo wa Kijerumani, zenye utapata pia ukinunua za kufungia taa za ziada, miguu ina namba: 85 na 86 ni koili, 30 ni stima inayoingia kutoka betri, 87 ni inayotoka kwenda kwa mzigo. Ukiona 87a katikati, hiyo inaunganishwa wakati rilei imelala, na inaachwa ikiamka. Michoro ya Toyota huziita 1 na 2 kwa koili, 3 na 5 kwa njia ya mzigo.

Rilei hufa kwa njia mbili, na dalili ni tofauti kabisa. Ya kwanza, inakataa kufunga: koili imekatika ama zile pointi za ndani zimeungua. Kitu chako hakiwaki. Ya pili ndio mbaya zaidi, ju hutaishuku: pointi zinashikana kwa joto na hazitoki. Umezima gari, umetoa ufunguo, na feni bado inavuma. Ama haivumi chochote, lakini kila asubuhi betri imekufa, unaambiwa ununue ingine, unanunua, nayo pia inakufa. Hapo fundi anafaa apime na multimita stima inayokunywa gari ikiwa imelala, kisha atoe fyuzi moja moja mpaka aone mahali inashuka. Akikuuzia betri kabla ya kupima, hepa.

Kujaribu rilei ni ile mbinu ya mzee wa bredauni: ibadilishe na pacha wake wa kazi isiyo ya maana, honi ama ya kioo cha nyuma. Neno ni pacha. Umbo kufanana haitoshi. Linganisha namba ya spea, volti, ampea, na ule mchoro mdogo ubavuni, ju kuna rilei zinaingia shimo moja lakini miguu imepangwa tofauti. Na usidanganywe na ile "tak". Hiyo inakwambia koili iko hai, haikwambii pointi zinapitisha stima. Rilei inaeza kulia vizuri na haifanyi kazi yoyote, ka wasee wengine tunawajua.

Gari mpya zimebadilisha mchezo kidogo

Zamani swichi ya taa iliamsha rilei, basi. Siku hizi swichi inaomba kompyuta, na kompyuta ndio inaamua. Kwa hivyo rilei inaeza kuwa mzima, fyuzi mzima, na bado feni haizunguki ju kihisi cha joto kinadanganya kompyuta. Nissan nyingi, ikiwemo Note, zina sanduku zima chini ya boneti linaitwa IPDM, lenye fyuzi unaeza kuvuta lakini rilei kadhaa zimeunganishwa ndani ya bodi. Moja ikienda, wengi hubadilisha sanduku lote. Hadi ule mlio wa indiketa, kwa gari nyingi za sasa si rilei tena, ni sauti inachezwa na kaspika ndani ya dashibodi ndio usijisikie mpweke. Na Tesla Model 3 iliondoa sehemu kubwa ya fyuzi za kuyeyuka ikaweka za kielektroniki, zenye kompyuta inazima na kuwasha yenyewe.

Lakini ukitaka kuongeza taa ama muziki, sheria ni ile ya zamani. Stima itoke kwa betri kupitia fyuzi yake yenyewe, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Ukiiweka kule buti karibu na spika, waya yote ya katikati haina mlinzi. Taa za ziada zipewe rilei. Usikubali fundi achubue waya ya taa ya mbele na kubandika ya kwako juu na teipu.

Vitu viwili usiguse. Fyuzi zilizoandikwa SRS ama AIRBAG si za kuchezea na testa. Na ukiwa na haibridi, Aqua, Prius, Fielder ya haibridi, waya zozote za rangi ya machungwa ziko na zaidi ya volti 100, hizo ni za fundi aliyesomea. Fyuzi zake za volti 12 unaeza kubadilisha kama za gari ingine.

Binamu sasa ana kamkebe ka peremende ndani ya dashibodi: fyuzi mbili mbili za 7.5, 10, 15 na 20, testa, na rilei moja pacha. Wiki mbili zilizopita jirani wetu wa ploti alikuwa amekwama saa kumi na mbili asubuhi, gia imekataa kutoka kwa P, ameshapigia bredauni. Binamu alimwomba akanyage breki, akaenda nyuma kuangalia, hakuna taa hata moja. Fyuzi ya STOP, ya 10, nyekundu. Mathe wa jirani alitutumia chapo nne jioni.